Desemba Tanga ni joto, je darubini ninunue au nisubiri Juni?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike miaka kumi na tatu na wa kiume miaka tisa, tunakaa Tanga mjini, Chumbageni. Shule zikifunga mwezi wa kumi na mbili nataka niwanunulie darubini ya kuangalia nyota, maana huyu mdogo ana kiu nazo balaa. Nimeona moja mtandaoni imeandikwa inakuza mara 525, bei laki tatu kasoro kidogo. Ila kila nikisoma naambiwa wakati mzuri wa nyota ni winter, hewa ikiwa ya baridi, na sisi Desemba ndo kwanza joto linatuua. Je nisubiri Juni? Halafu kitabu alicholetewa na mjomba wake kutoka Uingereza kinasema uanze kwa kuitafuta nyota ya kaskazini, Polaris. Kaitafuta siku tatu hajaiona, anakaribia kulia. Na Orion, lile kundi la nyota lenye umbo la mtu, kamchora kalala ubavu, dada yake anamcheka kwamba kitabuni yuko wima. Naomba msaada."

Marahaba mama, na nashukuru umeuliza kabla hujatuma hela, wengi huwa wananiuliza baada.

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na naona hofu yako ni moja tu: utatoa karibu laki tatu, mtoto atachungulia siku mbili asione kitu cha maana, kisha chombo kitapanda juu ya kabati kikae na vumbi. Hofu hiyo ina haki kabisa, nimeshaona makabati ya namna hiyo mengi. Ila mshtakiwa uliyemkamata siye. Joto la Desemba halina kesi hapa, wenye kesi ni mwezi, mawingu, taa za mtaani na hiyo 525 iliyoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na hiyo winter. Wenzetu wa Ulaya wanaposema winter ndo wakati wa nyota wana sababu zao, na nyingi ni za kwao tu. London mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, usiku unakwenda kama masaa kumi na sita, mtoto anaweza kuangalia nyota kisha akala chakula cha jioni akalala mapema. Juni ni kinyume, jua linachelewa kuzama na hata saa sita usiku anga haliwi jeusi kabisa, linabaki na kiwi cha mwanga. Sasa mtu wa huko lazima aipende winter, hana namna. Sisi Tanga tuko nyuzi kama 5 tu kusini mwa ikweta, usiku wetu ni kama masaa kumi na mbili mwaka mzima, iwe Juni iwe Desemba tofauti ni dakika thelathini hivi. Desemba jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa mbili usiku giza limeshakamilika. Kwa hiyo hiyo faida ya usiku mrefu wewe hukuwahi kuwa nayo na hutakuja kuipata.

Na baridi yenyewe haiongezi nyota hata moja. Kinachosaidia ni hewa kuwa kavu na tulivu, na baridi ya huko mara nyingine inakuja na ukavu huo, basi watu wakachanganya. Hapa kwetu wa kumwogopa Desemba ni mawingu ya vuli, ambayo mwaka mwingine yanaondoka mapema na mwaka mwingine yanang'ang'ania mpaka katikati ya mwezi. Kaskazi ikishakaa sawa unapata usiku mzuri sana, mwisho wa Desemba mpaka Januari na Februari, ingawa jasho litakutoka.

Halafu kuna jambo ambalo kitabu hakitakuambia kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili yako. Nyota unazoziona usiku zinapangwa na tarehe, siyo na hali ya hewa. Dunia inalizunguka jua, na usiku wetu daima unatazama upande uliopeana mgongo na jua. Desemba upande huo ni wa akina Orion, kwa mtu wa London na kwa mtu wa Chumbageni sawasawa. Hizo wanazoziita nyota za winter sisi tunazo zilezile, tena tunaziona zikipanda juu kabisa karibu na utosi wakati wao wanaziona zimeinamia kusini kwao. Na zaidi ya hapo tuna ya kwetu: nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku ni Canopus, ambayo mabaharia wa pwani waliiita Suheli, na huyo mjomba huko Uingereza hawezi kuiona hata akipanda ghorofa ya mwisho, kwake haichomozi kabisa. Mwambie kijana amtumie salamu hizo.

Sasa fanyeni hivi. Karibu na tarehe 20 Desemba, saa mbili na nusu usiku, simameni mahali mnapoona mashariki vizuri. Tanga kwa hili tumependelewa, maana mashariki yetu ni bahari, ukiwa Raskazone au Mwambani mbele yako hakuna mji, kuna taa za mashua na meli tu. Mtaona nyota tatu zimejipanga karibukaribu kwenye mstari, huo ndo mkanda wa Orion, ambaye Kiswahili cha vitabu kinamwita Jabari. Kushoto kwa mkanda, chini kidogo, kuna nyota yenye wekundu kama kaa la moto linalozimika, hiyo ni Betelgeuse. Kulia, juu zaidi, kuna nyeupe inayoelekea ubuluu, Rigel. Angalieni rangi hizo mbili kwa makini kwa sababu ni za kweli siyo macho yanadanganya, ile nyekundu uso wake una joto dogo kuliko ile ya bluu, kama vile chuma kwenye tanuri la mhunzi, kinaanza wekundu na kikizidi joto kinaenda weupe. Chini upande wa kulia inakuja Sirius, au Shira, hiyo ndo ya kwanza kwa kung'aa, na mwanga wake umesafiri miaka 8.6 kukufikia, yaani umetoka kule kijana wako akiwa mchanga hajajua hata kukaa. Suheli iko kusini mashariki, kulia zaidi ya Sirius.

Kisha geukeni kaskazini mashariki, juu. Pale kuna kifurushi cha nyota ndogondogo zimebanana, macho ya kawaida yanahesabu sita au saba. Hicho ni Kilimia. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hawakuwa wanatunga, kila mwaka kwenye mwezi wa tano kinapotea machweo, masika bado haijaisha, kinakaa nyuma ya jua wiki kadhaa kisha Juni kinaonekana tena alfajiri wakati mvua zimekatika. Ilikuwa kalenda ya mkulima hiyo. Dada mtu ana miaka kumi na tatu, mpe daftari aandike siku atakayokikosa jioni na siku atakayokiona alfajiri, hiyo ni kazi ya sayansi halali na haihitaji hata shilingi.

Nije kwenye mwezi, maana huyu ndo anaharibu safari nyingi. Watu wanachagua usiku wa mwezi mpevu wakidhani ndo usiku wa anga, na ndo usiku mbaya kuliko wote. Mwezi mpevu unafanya anga zima liwe la kijivu, unabaki na nyota kubwa chache. Unataka giza, na giza wewe hulihitaji kwenye programu ya simu, waulize wavuvi pale Deep Sea au Sahare, wao wanajua mwezi uko wapi kuliko mwalimu yeyote kwa sababu dagaa na taa zao wanategemea giza. Ukisikia wanasema giza limeingia, hilo ndo lako pia. Na kama uko karibu na bahari utakuta bamvu, maji yanajaa sana na kukupwa sana, ila bamvu lipo mara mbili kwa mwezi, la giza na la mwezi mpevu, usije ukachanganya ukaenda kwenye la mbalamwezi. Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika hamsini kila siku, hivyo siku nne tano baada ya mpevu ule mwanzo wa usiku unarudi kuwa mweusi.

Ila kama ni mwezi wenyewe mnataka kuuangalia, nendeni siku ya saba hivi baada ya mwandamo, ukiwa nusu. Siyo mpevu. Kwenye ule mstari unaotenganisha upande wa mwanga na wa kiza, jua la huko linapiga kwa ubavu na milima na mashimo yanatupa vivuli virefu, unaona vitu vinasimama. Mpevu hauna vivuli, ni kama sahani.

Taa sasa. Chumbageni huwezi kuzima mtaa, lakini taa ya kibarazani kwako unaweza, na unaweza kusimama mahali ambapo ukuta au mwembe unaiziba ile ya barabarani isikupige machoni. Jicho linahitaji dakika ishirini mpaka thelathini kuzoea giza, kuna kemikali ndani yake inajijenga polepole, na ukifungua simu kusoma meseji sekunde tatu tu umeibomoa unaanza upya. Nafahamu kumnyima simu binti wa miaka kumi na tatu kwa nusu saa ni mtihani kuliko wa taifa. Basi tochi ifungwe mfuko mwekundu au kitambaa chekundu, mwanga mwekundu haulisumbui sana jicho. Na kitu hafifu msikikodolee macho moja kwa moja, kiangalieni kwa pembeni kidogo, sehemu ya kati ya jicho ni hodari wa rangi na maandishi lakini gizani ni kipofu kidogo, pembeni ndo kunaona.

Haya, hiyo darubini. Mara 525.

Nimekisia ni ipi kwa sababu namba hiyo inatoka kwenye hesabu ya aina fulani inayojulikana: kioo chenye upana wa milimita 76, urefu wa fokasi, yaani kutoka kwenye kioo mpaka pale mwanga unapokutana, milimita 700. Ukuzaji unaupata kwa kugawanya huo urefu kwa lenzi ndogo unayochungulia. Wanakupa lenzi ya milimita 4, 700 kwa 4 ni 175, halafu wanakupa kilenzi cha kuzidisha mara tatu kinaitwa Barlow, 175 mara tatu ndo hiyo 525. Hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba haionyeshi kitu. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, kukuza ni kazi ya pili, na kioo kina kikomo chake, kanuni ya kawaida ni mara mbili kwa kila milimita ya upana, kwa hiyo milimita 76 inaishia kama mara 150 na hapo hewa iwe imetulia sana. Ukizidisha unakuza ukungu, ni kama kuvuta picha ya WhatsApp kwa vidole viwili, uso haujitokezi, unapata miraba tu. Tena dunia inazunguka, kwa mara 525 nyota inakatiza dirisha lako chini ya nusu dakika imeshatoka, na ile stendi nyepesi ukiigusa kuisogeza inatikisika kama mti wa papai kwenye upepo. Hapo ndo mtoto anapokata tamaa na kuona yeye ndo hajui.

Siyo kwamba chombo hicho ni takataka moja kwa moja. Ukitumia ile lenzi kubwa, kama ya milimita 20, unapata mara 35, na kwa mara 35 unaona mashimo ya mwezi, unaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, ambayo Galileo aliiona Januari 1610 na chombo dhaifu kuliko hicho, na Zohali, ile sayari yenye pete, unaanza kuona kwamba siyo duara tupu. Kwa hiyo ukishakuwa nacho usikitupe, kitupe hicho kilenzi cha mara tatu. Lakini hujanunua bado, na mimi ningekuwa wewe nisingenunua kwanza.

Ningenunua bainokula. Zile zilizoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mboni ya jicho gizani inafunguka kama milimita 7 kwa kijana, lenzi ya 50 inakusanya mwanga mara hamsini zaidi ya hapo, na unatumia macho yote mawili, picha haijageuzwa miguu juu, mtoto wa miaka tisa anaielewa ndani ya dakika moja. Kilimia kwenye bainokula kinageuka kuwa nyota kadhaa wa kadhaa, nimeshaona watu wazima wakinyamaza. Kulia kwa mkanda wa Orion, upande wa miguu yake, kuna kidoa cha ukungu, hilo ni wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa, liko umbali wa miaka ya mwanga kama 1,300. Na mapema usiku, kaskazini, mkienda mahali peusi kama njia ya Pangani, kuna kidoa kirefu hafifu kinachoitwa Andromeda, ni galaksi nyingine kabisa, yaani kundi kubwa mno la nyota, miaka milioni 2.5 ya mwanga. Ukimwelewesha binti hiyo namba atakaa kimya hata simu ataisahau. Zile bainokula zilizoandikwa 20x50 au 30x60 ziacheni, mkono hauwezi kuzishika zikatulia, na zile zenye lenzi ya rangi nyekundu kama machungwa pia ziacheni. Dukani zijaribu: angalia nguzo ya mbali, ukiona nguzo mbili au kichwa kinaanza kuuma, mirija haijakaa sawa, rudisha palepale.

Bainokula haikupi pete za Zohali, nisikudanganye. Kama kijana anataka pete hasa, basi mwakani baada ya kuwa anajua anga, wekeni akiba mpate darubini ya kioo cha milimita 114 au 130 kwenye kitako cha Dobson, yaani kile cha mbao kinachokaa chini au juu ya meza, unakisukuma kushoto kulia juu chini basi. Na mjue pete zenyewe zina tabia, kila miaka kumi na tano hivi zinatugeukia kwa ukingo wao mwembamba na kupotea, ilitokea Machi 2025 na kuna watu walidhani wameuziwa darubini mbovu. Baada ya hapo zinafunguka tena kidogokidogo mwaka hadi mwaka, hivyo kusubiri kwako kuna faida.

Msinunue ile yenye stendi ya chuma yenye mhimili wa kuinama na uzito unaoning'inia ubavuni, hata muuzaji akisema ndo ya kitaalamu. Ni nzuri, lakini kwa nchi za mbali na ikweta. Mhimili ule unatakiwa uelekezwe kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, na kwetu ncha ya kaskazini iko nyuzi 5 chini ya upeo wa macho, ya kusini iko nyuzi 5 tu juu yake. Unalaza mhimili karibu ubapa kabisa, uzito unagonga miguu ya stendi, na nyingine hazilali kufikia hapo.

Na hapo hapo ndo jibu la Polaris. Mpe pole kijana, hajakosea chochote. Nyota ile iko juu ya ncha ya kaskazini karibu kabisa, ukiwa London inakaa nyuzi 51 juu, ukisogea kusini inashuka, ukifika ikweta inagusa ardhi, ukivuka inazama. Kwetu Tanga imezama, iko chini ya upeo wa macho usiku kucha. Angeitafuta miaka mitatu. Kwa kweli siku tatu bila kuiona ni uthibitisho kwamba dunia ni mviringo na kwamba yuko kusini mwa ikweta, wapo mabaharia waliojua hilo kwa njia hiyohiyo. Hicho kitabu akitumie kwa majina na picha, ramani za anga atumie Stellarium kwenye simu, hakikisheni imewekewa Tanga na siyo mji mwingine, na mtoe kava la simu kama lina sumaku, linaivuruga dira.

Hewa ya pwani nayo. Bainokula yangu ya kwanza niliihifadhi vizuri sana kwenye mkoba wake wa ngozi, kabatini, miezi minane. Nilipoitoa lenzi zilikuwa na utando kama wa buibui ndani, kuvu, na kuvu ikishakula ile rangi ya juu ya lenzi hairudi. Unyevu wetu hauhitaji mvua. Ukirudi usiku acha chombo kikauke kwanza mahali penye hewa, umande ukishaisha ndo ukiweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye viatu vipya, vingi, na kila wiki kitoe kipigwe upepo. Chumvi ikiganda kwenye lenzi usisugue na kanga, puliza vumbi kwanza, kisha kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Naomba hapa unisome taratibu. Kama chombo kitakuja na kikioo kidogo cheusi kimeandikwa ni cha kuangalia jua, kile cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia, kivunje ukitupe siku hiyohiyo. Kinakaa pale ambapo mwanga wote wa jua umeshakusanywa pamoja, kinapata moto, kinaweza kupasuka mtoto akiwa anachungulia, na nyuma ya jicho hakuna maumivu, anaungua bila kupiga kelele. Mchana darubini na bainokula zikae mahali mtoto hafiki mwenyewe. Akishawahi kuangalia jua kwa chombo chochote kisha akasema anaona doa katikati, au mistari imepinda, usimtie matone ya dukani wala usisubiri kesho kutwa, mpeleke Bombo au hospitali yoyote yenye daktari wa macho. Nalisema mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua, kamili kutakuwa Misri na Somalia kaskazini, sisi Tanga tutaona limemegwa sehemu, na siku kama hizo kila mtu anatoa kioo chake cha ajabu, kama ilivyokuwa Septemba 2016 watu walipokwenda Rujewa, Mbeya, kuona jua limebaki kama pete. Mtahitaji miwani maalumu ya kupatwa, siyo filamu za eksirei wala miwani ya jua.

Ufukweni usiku msiende watatu peke yenu. Tafuta jirani, mjomba, mwalimu wa shule, muwe kundi, na wajulisheni walinzi wa eneo, watu watano gizani wananyoosha mikono angani wanaleta maswali. Mikono mirefu na dawa ya mbu. Wale wenye tochi za leza wasizielekeze kwenye ndege.

Juni je? Juni msiikose, ila msiingoje. Ni anga jingine kabisa. Kipupwe kikiwa kimeingia hewa inakauka, kundi la nyota la Nge linapanda mashariki, Salibu ya kusini mnaiona imesimama mapema usiku, na katikati ya Njia Nyeupe inapita juu, ile sehemu nzito yenyewe. Msimpeleke Lushoto kwa ajili ya nyota tu mwezi huo, ni kuzuri lakini mara nyingi ukungu unafunga mlima, pwani au Muheza mnaweza kuwa na bahati zaidi. Ukisubiri Juni ndo muanze, huyu Orion atakuwa amezama na jua, hamtamuona.

Desemba yenyewe, usiku wa kuamkia tarehe 14, kuna vimondo vya Geminidi. Vinatoka upande wa kaskazini mashariki, na kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri ndo vinapamba moto. Havihitaji chombo, vinahitaji jamvi na uvumilivu, mlale chali. Kimondo siyo nyota inayoanguka, nyingi ni punje kama mchanga zinazoungua juu huko hazifiki chini. Kubwa kama lile la Mbozi, tani kumi na kitu za chuma, ni nadra, asiogope kulala.

Nilitaka kusahau mchoro. Huku kwetu nyota zinachomoza karibu wima, hazipandi kwa mshazari kama Uingereza, ndo maana Jabari anatoka baharini kalala ubavu, kichwa kaskazini miguu kusini, na ndo sababu hiyohiyo mwezi mchanga wetu unalala kama mtumbwi wakati kitabuni umesimama kama mundu. Kijana kachora alichokiona. Asiufute, aandike tarehe na saa pembeni, kisha amkaribishe dada yake nje saa mbili na nusu aje na kitabu chake.